Dereva wa Tela na Radhi ya Mkwewe

Kabla ya kuwasha gari alikuwa na desturi ya kwenda nyuma, kuchuchumaa baina ya pikapu na tela, na kuunyanyua mkono wa tela kwa mikono yake miwili. Mkono wa tela ni kile chuma kirefu kinachotoka mbele ya tela na kukaa juu ya ndoano ya gari inayolivuta. Ukinyanyuka kirahisi alitikisa kichwa, akawaambia wapakizi wayatoe magunia ya nyuma na kuyapeleka mbele. Ukikataa kabisa kunyanyuka, alisema mbele pamezidi, gari itainua pua na usukani utakuwa mwepesi. Alitaka uwe mzito lakini ukubali, "kama mtoto aliyelala," alivyosema mwenyewe. Hapo tena ndipo alipotia pini, akapangusa mikono kwenye msuli aliojifunga kiunoni, akapanda garini.

Tulimwita Dereva. Wete ilikuwa na madereva wengine, wa mabasi na wa malori, lakini ukilitaja neno hilo peke yake, watu wa mtaa wetu wa Jadida walijua unamkusudia yeye. Mimi nilikuwa seremala, na kibanda changu kilitazamana na uwanja alioegesha gari yake. Mbao za tela lake nilizipiga mimi, na kila ukikaribia msimu wa karafuu nilizing'oa zilizooza na kutia mpya. Ninayoyaandika hapa ni niliyoyaona kwa macho au niliyoyasikia kutoka kwake, na pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Jambo moja nilitangulize. Nilipomjua vizuri, katika ile miaka ya mwisho ya hamsini na ya mwanzo ya sitini, mtu huyu alikuwa na haja moja tu duniani: radhi ya mkwewe, mama wa marehemu mkewe. Mkewe alikufa tela lake lilipopinduka. Kila nitakalolieleza juu yake, hata la kuchekesha, lina kivuli cha jambo hilo.

Pikapu yake ilikuwa ya nusu tani, yaani iliundwa kubeba nusu tani mgongoni na si zaidi. Kuvuta ni hesabu nyingine. Gari huweza kuvuta mzigo mkubwa kuliko ule inaoweza kuubeba, na watu wengi hudhani kuvuta ndiyo kazi. Kazi ni kusimamisha. Tela halikuwa na breki. Likijaa magunia ya karafuu lilikuwa zito kuliko gari yenyewe, na kwenye mteremko gari haikuwa tena inavuta, bali ilisukumwa. Pemba ni vilima na mabonde. Kutoka Wete mpaka bandarini Mkoani ni kupanda na kushuka tangu mwanzo wa safari hadi mwisho wake, juu ya udongo ambao ukipata mvua huteleza kama sabuni.

Kwa hiyo alikwenda polepole. Kila mteremko aliushuka kwa gea ambayo angeupandia. Madereva wa mabasi wakimpita walitoa vichwa nje.

"Yakhe, umelala? Utafika Idi?"

"Nitafika," alijibu bila kuwatazama. "Weye utafikishwa."

Kilimani, tela likikataa kupanda, alishuka na kutia jiwe nyuma ya gurudumu, na hakumruhusu mtu mwingine alitie. Wengine wakishapanda huliacha jiwe katikati ya njia. Yeye alirudi kwa miguu, akaliokota, akaliweka pembeni. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua, na njia ile ni yeye tu anayeipita na mzigo wa namna ile. Akasema jiwe lililosahauliwa halimjui aliyelisahau.

Wenye mashamba hawakumpenda, ingawa walimhitaji. Mmoja, bwana mnene mwenye mikarafuu mingi upande wa Wawi, aliwasimamia wapakizi huku Dereva akiamrisha magunia yahamishwe kwa mara ya tatu.

"Gunia hili nenda nalo kule, na hili njoo nalo huku. Kwani waoza harusi hapa?"

"Naoza, bwana. Na bibi harusi hakai nyuma."

"Langu mie liweke juu. Sitaki likandamizwe na ya watu."

"Mzigo hauna jamaa," alisema Dereva, na gunia la bwana yule likaenda chini, mbele, lilipotakiwa na tela.

Maneno hayo aliyasema mara nyingi. Ilikuwa miaka ya siasa, na nani asiyekumbuka ilivyokuwa? Watu waliacha kununua kwenye duka la mtu wa chama kingine, waliacha kualikana, wengine waliacha hata kuzikana. Mabasi yaligawanyika. Yeye alichukua karafuu za kila mtu, na kila upande ukamwona wa upande wa pili. Waliomfuata kumhoji aliwajibu vilevile kwamba mzigo hauna jamaa, kisha akaingia chini ya gari kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwepo.

Baada ya msiba sikumsikia tena akiyasema.

Alikuwa na tabia zisizolingana. Tela lake lilikuwa safi kuliko nyumba yake. Alikuwa mtu wa sala, lakini saa ya sala ikimkuta na mzigo kilimani hakuuacha aende msikitini. Alitandika gunia tupu kando ya gurudumu akasali hapo, na msikitini wakamsema. Kwa wenye mali alikuwa mkavu wa ulimi, na nyumbani alikuwa mpole mno, hata majirani wakacheka kwamba abisha hodi akitaka kuingia jikoni mwake. Mkewe alikuwa mwanamke wa mizaha. Alipita kibandani kwangu siku moja na ndoo kichwani, Dereva akiwa amesimama nami.

"Seremala, mwambie rafiki yako aje aninyanyue mkono," alisema. "Aone kama nimepakia vizuri."

Dereva alitazama chini akatabasamu. Sikumbuki kumwona akitabasamu vile kwa jambo jingine.

Sasa lazima nieleze desturi, maana bila ya hiyo ajali yenyewe haielezeki. Kwa watu waliolelewa kama yeye, mkwe wa kike hatazamwi usoni. Mwanamume akimwona mkwewe anakuja, hupinda njia. Akifika kwake hupiga hodi na kusalimu kutoka nje, na jawabu humjia kutoka nyuma ya ukuta. Akiwa na haja, haja hiyo hupita kwa mke. Hapana chuki katika hilo. Ndiyo heshima yenyewe, na mkwe naye huilinda kwa upande wake. Dereva aliishika heshima hiyo kuliko wenziwe. Tangu aoe, neno lake kwa mama yule lilikuwa salamu tu.

Siku ya ajali palikuwa na harusi Wawi, na jamaa wa mkewe walimwomba awapeleke. Wanaume tulikaa kwenye pikapu, wanawake kwenye tela, juu ya majamvi. Ilikuwa asubuhi, mvua ya vuli imekatika karibuni. Wanawake wakapanda kabla tela halijafungwa, na wote wakakaa nyuma kabisa, wamebanana mkiani, na mbele pakabaki patupu.

Dereva alichuchumaa akaushika mkono wa tela. Nilikuwa nimekaa juu yake tu, nikimtazama. Mkono ulinyanyuka kama ufito. Akabaki ameushika, kisha akamwita mkewe, aliyekuwa bado hajapanda.

"Waambie wasogee mbele."

Mkewe alimjibu kwa sauti ya chini. "Mama kakaa kule kwa sababu ya kioo chako. Hataki umwone njia nzima. Na wenziwe hawawezi kumwacha peke yake mkiani."

"Mwambie nitakigeuza kioo."

"Keshakaa, na magoti yamuuma. Nimnyanyue tena mbele ya watu, nimwambie kasema mkweo?"

Mama yule alikuwa hatua chache tu kutoka pale, amejifunika buibui, amempa mgongo. Alichohitaji ni kuinua sauti kidogo tu na kusema, "Mama, sogea mbele." Maneno hayo aliwaambia matajiri, aliwaambia masheha, wakuu wa mitaa, angeyasema kwa yeyote aliyepanda chombo chake. Nilimwona akiitazama ardhi. Halafu akasema, "Basi," akaushusha mkono juu ya ndoano, akatia pini. Mkewe akapanda, akaenda kukaa ubavuni mwa mama yake.

Mtu asiyejua mambo ya kuvuta atauliza kuna nini. Uzito ukiwa nyuma ya magurudumu ya tela, mkono wake huinua mgongo wa gari badala ya kuukandamiza. Magurudumu ya nyuma ya gari hupoteza mshiko. Penye tambarare hutaona kitu. Kwenye mteremko tela huanza kwenda kushoto na kulia, kidogo, kisha zaidi, na kila mara huzidi mara iliyopita. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hayo, na aliniambia pia dawa yake: ondoa mguu kwenye breki, kaza usukani, liache lichoke lenyewe. Ukikanyaga breki, gari husimama na tela halisimami.

Tulivuka mabonde yote salama, wanawake wakiimba. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Wawi nilihisi pikapu ikivutwa matako upande mmoja, kisha upande wa pili. Nyimbo zilikatika. Palisikika ukelele, mmoja, wa mtu mzima. Gari ikafunga breki. Tela lilijikunja likatupiga ubavuni, likapinduka mtaroni.

Wengi walichubuka. Mkwewe alivunjika nyonga. Mkewe alikuwa chini ya ubao wa pembeni, na tulipomtoa alikuwa hai, lakini hakufika hospitalini.

Miezi mingi baadaye, tukiwa wawili tu kibandani, alinieleza bila ya mimi kuuliza. "Niliisikia sauti yake, mkwe. Sijapata kuisikia ikipanda vile. Mguu ukaenda wenyewe."

Hakuna aliyemlaumu kwa maneno. Kaka wa mkwewe alimshika mkono matangani akamwambia ni kadari. Shehe wa msikiti wetu alimwambia kwamba hakukusudia, na asiyekusudia hana la kuogopa ila kusahau kumwomba Mungu. Aliyasikia yote hayo kwa adabu. Lakini yeye alikuwa akingoja neno la mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa nyuma ya ukuta, na aliyekuwa akizipeleka na kuzileta habari baina yao ndiye waliyemzika.

Alituma watu. Alimtuma shemeji yake, akamtuma bibi mmoja jirani, akanituma hata mimi. Nilikaa barazani, mama yule akiwa ndani, amelala kitandani kwa ile nyonga yake. Nikasema kwamba mkwewe anamwomba radhi.

"Mwambie nimesikia," alisema.

Nilipomfikishia Dereva maneno hayo alinitaka niyarudie kama yalivyosemwa, na kwa sauti gani. Nilijitahidi. Akauliza, "Hakusema nimepokea?" Nikamwambia hakusema.

Akaanza kumhudumia. Kila wiki alimpelekea kuni, na pipa la maji juu ya pikapu, na sahani ya chakula kutoka kwa dada yake aliyekuwa akimpikia. Aliviacha nje ya ua, akapiga hodi, akasalimu, akaondoka. Vyote vilipokelewa. Kwetu sahani ya watu hairudi tupu. Hata maskini hutia ndimu moja au chumvi kidogo. Sahani ya Dereva ilirudi imeoshwa, inang'aa, haina kitu. Dada yake alisema ni ugonjwa, mama wa watu hajiwezi, atatia nini? Dereva alisema, "Labda." Lakini nilimwona akiipokea sahani ile na kuitazama ndani, kila mara.

Shehe alimwambia jambo jingine, na nadhani lilimuumiza kuliko kumfariji. Alimwambia kwamba mkwe ni mama, ni maharimu wake, mtu asiyeweza kuoana naye, mpaka kufa kwao, na sheria haikumkataza siku yoyote kumtazama wala kusema naye. "Hiyo ni haya yenu tu," alisema Shehe. Dereva alipotoka msikitini alikaa kwenye kizingiti cha kibanda changu hadi jua likageuka.

"Haikukatazwa," alisema. Halafu akasema tena, "Kumbe haikukatazwa."

"Sasa si uende ukaseme naye mwenyewe?"

"Na leo nianze? Siku iliyotakiwa sikusema, leo ndiyo nipate ulimi?"

Watu hawakuwahi tena kupanda tela lake. Aliendelea kuvuta karafuu, makonyo, yaani vikonyo vyake, mbao, mawe ya chokaa. Alizidi kwenda polepole, hata wapakizi wakawa wanashuka na kutembea mbele ya gari. Mizaha ya barabarani hakuijibu, na madereva wa mabasi nao wakaacha kumtania, kwa kuwa mtu asiyejibu hachekeshi.

Kisha mkwewe akazidiwa. Ilikuwa mchana, nami nilikuwa uwanjani nikipigilia misumari. Kaka wa mama yule alikuja mbio kuomba gari impeleke hospitalini. Dereva alilifungua tela hapo hapo, nikapanda naye. Tulipofika, wanaume walikuwa wamemtoa na kitanda chake cha kamba, wakitaka kukipandisha mgongoni mwa pikapu.

"Nitakaa mbele," alisema mama.

Kaka yake alidhani ameweweseka. "Mbele kuna mkweo, dada."

"Najua aliyeko mbele. Nikalisheni."

Wakamkalisha. Mimi na kaka yake tukapanda nyuma. Kidirisha cha nyuma ya kiti hakikuwa na kioo, na kila neno nililisikia. Dereva aliendesha akitazama mbele, shingo imekauka.

"Baba," alisema mama.

"Naam, mama."

"Siku ile uliniona nilivyokaa?"

"Nilikuona."

"Na ulijua?"

"Nilijua, mama."

Gari ilipita juu ya shimo, na mama akaguna kwa maumivu. Alipopata pumzi alisema:

"Ungeniambia, ningesogea."

"Naam, mama."

"Mie nilikuwa mtu mzima. Ningesogea."

Tulimfikisha hospitalini. Nimeyapima maneno hayo kwa miaka mingi, na sijaweza kuamua kama yalikuwa lawama au yalikuwa ni mama kuubeba upande wake wa mzigo. Dereva hakuwa na shaka. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Umesikia? Kumbe lilikuwa neno moja tu." Uso wake ulikuwa wa mtu aliyehukumiwa, na nilipojaribu kumwambia kwamba angalau amesema naye, alitikisa kichwa.

Mama yule hakurudi nyumbani akiwa hai. Alikufa hospitalini baada ya siku chache, na akaletwa kwao kuzikwa. Dereva alikuja mazikoni akasimama nyuma kabisa ya watu, karibu na njia, kama mtu aliyefika kwa bahati. Maiti wa kike hupokewa kaburini na maharimu wake, na juu ya kaburi hutandwa shuka ili asionekane. Nilipewa pembe moja ya shuka niishike. Kaka wa marehemu alikuwa ameshaingia ndani, na mtoto wa kaka yake. Wanaotakiwa ni watatu; akabaki mmoja. Watu walimtazama mpwa mwingine wa marehemu, kijana mwenye nguvu, naye akaanza kuvua viatu.

"Wewe baki," alisema yule kaka kutoka chini. Akainua kichwa akatafuta nyuso. "Dereva yuko wapi? Mwiteni."

Mtu mmoja aliuliza kwa nini, na jamaa wa damu wapo.

"Kausia mwenyewe. Kaniambia mimi, na Shehe yuko hapa alisikia. Kasema, 'Nikifa, mkwe wangu aingie, anishike yeye.'"

Watu wakapisha. Dereva alipita katikati yao bila kuinua macho. Alivua viatu, akakaa kwenye ukingo, akateremka taratibu huku udongo ukimmiminikia miguuni. Jeneza likasogezwa. Kutoka pembe yangu ya shuka sikuuona uso wake. Niliona mikono yake tu, imenyooshwa juu, viganja wazi, inangoja kupewa.